Anza na Kivuli: Jinsi ya Kuchora Mji Mdogo na Watu Wake

Ukishuka kwenye gari Pangani ukiwa na kijitabu cha kuchorea kwapani, macho yatakimbilia milango ya nakshi na lile boma kuukuu. Yaache kwa siku ya kwanza. Milango hiyo imechorwa na kupigwa picha na wageni wengi waliokutangulia, na kesho itakuwepo. Kitakachokufundisha mji ni kingine: watu wamekaa wapi saa hii, na kwa nini wamekaa pale na si hatua kumi pembeni. Mara nyingi jibu la kwanza ni kivuli. Basi anza na kivuli.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa usanifu majengo, wa mipango miji au wa ubunifu wa aina nyingine yoyote, ambaye chuo kinampeleka kwenye mji mdogo kwa siku chache arudi na michoro ya kumsaidia kubuni kitu: stendi, soko, zahanati, au hata benchi moja la kupumzikia. Nimeuweka Pangani kwa kuwa mji ule una mengi ndani ya mwendo mfupi wa miguu. Kuna mto unaoingia baharini, kivuko cha kwenda Bweni ng'ambo ya pili, soko, mtaa wa maduka ya zamani ya Wahindi yenye roshani za mbao juu, nyumba za udongo na makuti, na nyumba za matofali ya saruji zilizojengwa juzi. Ukipelekwa Kilwa Kivinje, Mikindani au Lushoto, majina yatabadilika lakini kazi ni ile ile.

Kabla ya penseli

Pita kwanza ofisini. Barua ya utambulisho ya chuo iende halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mwenyekiti wa eneo mtakalofanyia kazi. Wanafunzi wengi huona huu ni usumbufu wa makaratasi, na mimi nasema ndio mwanzo wa kazi yenyewe. Mgeni anayekaa mbele ya nyumba ya mtu, anatazama ukuta, anaandika, anatazama tena, anamtia mwenye nyumba wasiwasi wa haki kabisa. Tanzania hii watu wameona alama ya X nyekundu ikipakwa kwenye kuta za nyumba zilizotakiwa kubomolewa. Mtu mwenye karatasi na futi anaweza kuwa ndiye anayetangulia ile rangi. Kwa hiyo sema wazi, tena mapema, kwamba hampimi viwanja, hamji na mradi wa serikali, na hamna ahadi yoyote ya kuleta. Usiseme "tutawaletea maendeleo". Wewe ni mwanafunzi, umekuja kujifunza kwao.

Barua ikishapita, bado kuna ruhusa ya pili, ile ya baraza unalotaka kukaa. Hiyo haina muhuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Habari za utokako?"

"Njema. Sisi ni wanafunzi, tumekuja kujifunza mji wenu. Naomba nikae hapa kidogo nichore huu mwembe na baraza."

"Unachora ili iweje?"

Swali hilo litakuja; lijibu kwa kufungua kijitabu. Mpe akishike, apekue kurasa. Akishaona mchoro wa soko na mtu anayemfahamu ndani yake, mara nyingi atakusogezea kigoda yeye mwenyewe, na kuanzia hapo atakueleza mambo ambayo hakuna dodoso lingeyafikia. Hii ndiyo tofauti kubwa ya penseli na simu. Ukinyanyua simu, watu hunyanyuka au hugeuka. Ukichora, husogea. Simu itumie baadaye kwa vitu vya kina kama viungo vya paa, vitasa na nakshi, tena kwa kuomba. Kamera inachukua kila kitu mara moja, na kwa hiyo haikulazimishi kuchagua. Mchoro unakulazimisha kuamua kwamba huu mguu wa meza ni muhimu na ule waya wa umeme si muhimu, na katika kuamua ndipo unapoanza kuelewa.

Vifaa vichache

Kijitabu cha A5 chenye jalada gumu, ili kiwe meza yako mwenyewe. Penseli moja ya 2B na kichongeo. Kalamu moja ya wino mweusi usioyeyuka majini. Klipu mbili za kubania karatasi, maana upepo wa pwani haukuachii ukurasa. Kipande cha karatasi cha kuweka chini ya kiganja, kwa sababu jasho la mkono litaharibu mchoro mapema kuliko mvua. Wino hukawia kukauka kwenye unyevu wa pwani; usifunge kijitabu haraka.

Kifutio kiache nyumbani. Mstari uliokosewa uache hapo, chora ulio sahihi kando yake kwa nguvu zaidi. Anayefutafuta hutazama karatasi muda mrefu kuliko anavyotazama mtaa, na kumbe aliyemchora ameshaondoka.

Rangi? Kama unazipenda, beba kisanduku kidogo cha rangi za maji, lakini zisikucheleweshe. Kijivu kimoja cha kivuli kinatosha kwa kazi nyingi.

Kivuli kinavyohama

Chagua kipande kifupi cha mtaa, hatua mia hivi. Kichore kwa kutazama kutoka juu, kama ramani: mistari miwili ya kuta, vibaraza, miti, mitaro, magenge, nguzo za umeme. Usihangaike kukipendezesha. Mchoro huu ni wa kufanyia kazi siku nzima, na ukiweza nakili nakala tatu kabla ya kutoka mlipofikia.

Saa tatu asubuhi, paka kivuli kwa mistari ya mshazari mahali kilipo kweli, kisha weka nukta moja kwa kila mtu aliyekaa au aliyesimama, si anayepita. Rudia saa sita mchana kwenye nakala ya pili. Rudia saa kumi alasiri kwenye ya tatu. Mwisho wa siku ziweke karatasi hizo pamoja. Utaona nukta zikivuka barabara kufuata kivuli: fundi cherehani aliyekuwa upande huu amehamisha mashine kwenda ule, wacheza drafti wamesogeza benchi lao, muuza machungwa amezunguka mti mzima tangu asubuhi bila kuondoka chini yake.

Hadi hapo umeona yale uliyoyatarajia. Sasa tafuta nukta zinazokataa. Pana kivuli kizuri na hakuna mtu: kwa nini? Huenda ni mtaro unanuka, huenda upepo haufiki, huenda mwenye ukuta hapendi watu. Pana jua kali na kuna watu watatu: bila shaka hapo ndipo abiria wanaposhukia, na bodaboda akienda kivulini atakosa mteja. Mambo haya ndiyo ya kubebwa hadi kwenye meza ya ubunifu, kwa sababu yanakuonyesha ni wapi watu wanavumilia shida ambayo paa dogo lingeiondoa. Yaulize moja moja. Usijijibu mwenyewe.

Andika tarehe kwenye kila karatasi, wala si kwa ajili ya kumbukumbu tu. Pangani iko karibu nyuzi 5 na nusu kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri huegemea kaskazini kwa takriban nyuzi 29; mwezi Desemba huegemea kusini kwa takriban nyuzi 18; na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, hupita utosini na kivuli cha nguzo kikapotea chini yake. Mji upo ukingo wa kaskazini wa mto, kwa hiyo nyumba zinazotazama mtoni zinatazama kusini. Kibaraza cha mbele kilichokuwa na kivuli tele ulipokichora Julai kitapigwa na jua Desemba, na pengine ndiyo maana mwenyewe ametundika gunia pale ambalo wewe uliona linaharibu sura ya nyumba. Lichore gunia. Ni sehemu ya nyumba kama dirisha lilivyo.

Upepo nao una misimu yake. Kusi huvuma katikati ya mwaka, kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi karibu na masika. Muulize mwenye nyumba ni dirisha lipi analifungua msimu gani, kisha uchore mshale.

Mwili wako ni futi

Futi ya chuma ukiichomoa mtaani, utaturudisha kwenye habari ya X nyekundu. Pima kwa mwili. Watu wa pwani walipima hivyo tangu zamani: shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa mbili ni wari, wari mbili ni pima. Kabla ya safari, pima shibiri yako, dhiraa yako, pima yako na hatua yako ya kawaida kwa sentimita, uziandike ukurasa wa kwanza wa kijitabu. Kwa mtu mzima wa kimo cha wastani shibiri huwa karibu sentimita 23 na dhiraa karibu 46, lakini tumia zako, si za kitabuni.

Kisha jifunze vipimo ambavyo mji wenyewe unakupa bure. Tofali la saruji la nchi sita lina urefu wa nchi 18 na kimo cha nchi 9, kwa hiyo kozi moja pamoja na mota yake hukaribia sentimita 25; hesabu kozi na umeujua ukuta. Bati la futi 10 ni mita 3. Hesabu mabati kwenye mteremko wa paa. Katika nyumba za mawe za zamani, tazama juu: dari limelala juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba. Chora boriti moja na umekwisha kujua upana wa chumba na sababu yake.

Kibaraza ndicho ningependa ukipime kwa makini kuliko mlango. Kikate kwa jicho, uchore mkato wake: kimo cha kukalia (mara nyingi ni kama shibiri mbili, miguu ikagusa chini bila kuning'inia), kina cha kukalia, upana wa paa linalokifunika, kimo cha sakafu ya nyumba juu ya barabara, na mahali maji ya paa yanapodondokea. Chora mtu amekaa humo. Halafu chora mtu wa pili aliyeegemea ukuta na miguu kuikunja juu. Ukirudi mezani kubuni benchi la stendi, utashukuru kwa mkato huu kuliko kwa mchoro wowote mzuri wa machweo.

Watu

Wengi huogopa kuchora watu, wakaishia na mitaa mitupu iliyohamwa. Mtaa usio na watu ni habari ya uongo kuhusu mtaa. Na njia ya kuwaweka ni rahisi kuliko inavyoonekana.

Chora kwanza mstari wa macho yako, yaani ule mstari wa mbali ambako bahari ingekutana na mbingu. Ukiwa umesimama kwenye uwanja tambarare, vichwa vya watu wazima wote waliosimama vitaangukia karibu na mstari huo, wa karibu na wa mbali vilevile. Kinachopungua ni miguu, inayopanda juu kadiri mtu anavyokuwa mbali. Weka vichwa kama nukta juu ya mstari, teremsha mwili kutoka kila nukta, na umepata umati wenye kina ndani ya dakika mbili. Ukikaa kwenye kigoda, mstari wa macho unashuka, na sasa unawakata waliosimama kifuani au kiunoni. Ukisimama, watoto wako chini ya mstari, na aliyebeba ndoo kichwani ndoo yake iko juu.

Baada ya hapo tafuta mkao, si sura. Uzito uko mguu gani? Shingo ya mwenye ndoo imenyooka, nyonga ndiyo inayocheza. Anayesubiri husimama kwa mguu mmoja na kuupumzisha mwingine. Mvuvi anayevuta kamba anaegemea nyuma, na ukichora kamba kwanza mwili wake utajipanga wenyewe. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba hivi. Ukikumbuka hilo na ukakumbuka uzito, nguo zitakuja zenyewe, kanga kwa mikunjo miwili mitatu, kanzu kwa mstari mmoja mrefu.

Anza na watu wanaorudiarudia. Kaa karibu na mama anayepika vitumbua. Anamimina unga kwenye chuma, anasubiri, anageuza kwa kijiti, anatoa, anamimina tena. Usimkimbize. Fungua ukurasa mmoja, anza michoro mitatu: wa kumimina, wa kugeuza, wa kutoa. Akiwa anamimina ongeza mstari kwenye ule wa kwanza. Akigeuza hamia wa pili. Baada ya mizunguko michache yote mitatu itakuwa imekamilika, na utakuwa umegundua kitu cha thamani kwa mbunifu: mkono wa kulia unafika wapi, ndoo ya unga imewekwa wapi ili asiinuke, moshi unaelekea wapi, mteja anasimama upande gani ili asiungue, na fedha zinaingia wapi kwa mkono usio na mafuta. Ukitakiwa siku moja kubuni vizimba vya mama lishe, vipimo vyote viko kwenye ukurasa huo. Nimeona vizimba vingi vilivyojengwa kwa zege na vigae, meza ikiwa juu mno kwa mtu anayepika akiwa ameketi, na wanawake wakaendelea kupika nje mbele yake. Hakuna aliyemchora mpishi kabla ya kumjengea. Na ukimaliza, nunua vitumbua.

Kuna mipaka. Wapo wasiopenda sura zao zichorwe, kwa imani zao au kwa hiari yao tu, na hawana deni la kukueleza. Mchore mkao bila uso, au usimchore. Wanawake walio uani ni wa uani: hata kama mlango uko wazi na mwanga wa ndani unapendeza, mchoro uishie kizingitini mpaka ukaribishwe, na ni heri akaribishwe mwanafunzi wa kike. Wakati wa sala, mbele ya msikiti funika kijitabu. Ofisi za serikali na maeneo ya ulinzi uliza kabla hujachora, maana karatasi nayo huleta maswali.

Watoto watakuja, usijaribu kuzuia. Wape karatasi na penseli za ziada, waambie wachore njia ya kwenda shule. Watakuchorea mwembe wenye embe tamu, nyumba yenye mbwa, mahali panapojaa maji masika, na njia ya mkato ambayo haimo kwenye ramani yoyote. Ukiiona hiyo njia kwenye karatasi za watoto kadhaa, nenda ukaipite.

Kivukoni

Kama una nusu siku moja tu, itumie kivukoni. Hapo mji mzima unapita, na kwa kuwa unasubiri, unakaa tuli vya kutosha kuchorwa. Omba ruhusa kwa wahudumu wa kivuko, tafuta pembeni pasipozuia magari, chora hatua kwa hatua: kivuko kikiwa ng'ambo, watu wametawanyika kwenye vivuli, kivuko kikianza kuja, wanajikusanya, kikishusha mlango wake wa chuma, baiskeli zenye mizigo zinatangulia au zinabaki nyuma? Mama mwenye mtoto anapita wapi ili asigongwe na pikipiki? Mwenye mkokoteni anapumzika wapi? Mzee anayeshindwa kusimama ameketi juu ya nini?

Rudi maji yakiwa yamebadilika. Pwani hii, bamvua hupandisha na kushusha maji kwa zaidi ya mita 3, maji mafu kwa kiasi kidogo zaidi, na saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Mteremko wa kupandia kivuko ambao asubuhi ulikuwa mfupi, jioni ni mrefu, una tope na utelezi. Kuuchora mara moja tu ni kuchora nusu ya mahali. Weka mstari wa maji yaliyojaa na wa maji yaliyopwa kwenye mkato mmoja; alama ya chumvi na konokono kwenye zege itakuonyesha kama huna muda wa kusubiri.

Na kuna haraka. Barabara ya pwani ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga imepangiwa daraja la urefu wa mita 525 juu ya mto huu. Daraja litawaondolea watu adha kubwa, hasa wagonjwa na wenye mizigo, na hakuna anayestahili kuwaombea waendelee kusubiri. Lakini wauza korosho, wa kahawa, wa nazi, na mafundi wa baiskeli wanaishi kwa ule muda wa kusubiri. Mchoro wako wa leo unaweza kuwa ushahidi wa nani alikuwa akipata riziki pale na kwa mpangilio gani, ili atakayebuni kituo kipya mwisho wa daraja asiwasahau. Wachore wote, na uandike kila mmoja anauza nini.

Ukitoka hapo, tembea kuelekea sokoni, na kila mtaa unapokufunulia kitu kipya simama uchore kwa dakika mbili, mchoro mdogo wa ukubwa wa kiganja. Mwingereza Gordon Cullen aliieneza namna hii ya kuchora mji kwa mwendo katika kitabu chake *Townscape* cha 1961. Michoro kumi ya namna hiyo inasimulia safari nzima ya mtu wa miguu, na inaonyesha ni wapi hana pa kujikinga.

Nimeona, nimeambiwa

Ukikaa baraza moja muda mrefu utapewa historia. Utaambiwa habari za Abushiri bin Salim, aliyeongoza mapambano dhidi ya Wajerumani na kunyongwa hapo hapo Pangani Desemba 1889. Utasimuliwa kuhusu boma, na juu ya watumwa wanaosemekana kufukiwa chini ya nguzo zake. La Abushiri limeandikwa kwenye nyaraka. La nguzo ni simulizi. Yote mawili yana nafasi kwenye kijitabu, ila yasichanganyike. Jiwekee alama mbili: duara kwa ulichoona kwa macho, pembetatu kwa ulichoambiwa. "Mti huu ulipandwa na babu" ni pembetatu. "Mti huu una mizizi inayopasua kibaraza" ni duara. Mtu akikwambia maji huingia ndani kila masika, weka pembetatu, kisha tafuta alama ya maji ukutani. Ukiipata, ongeza duara kando yake. Michoro yenye alama hizi unaweza kuitetea mbele ya mwalimu na mbele ya mhandisi.

Jina la mtu usiliandike kwenye mchoro bila idhini yake. "Fundi cherehani, kona ya soko" inatosha.

Jioni

Kila jioni, kabla ya kulala, tandazeni michoro yote sakafuni na mjibu swali moja tu: leo tumejua nini ambacho jana hatukukijua kuhusu namna watu wanavyotumia mahali hapa? Asiye na jibu kesho abadilishe mahali pa kukaa. Msishindane uzuri. Katika safari hizi kuna mwenye mkono mwepesi anayesifiwa na wote, na kuna mwingine mwenye mistari iliyopinda aliyehesabu kozi, akapima kibaraza na kuuliza kwa nini benchi lile halikaliwi. Mwalimu akiwa makini, wa pili ndiye atakayembakiza mbele akieleza.

Michoro ya uwandani isinakiliwe upya ili ipendeze. Ongezea maelezo pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine, siku ile ile, kabla kumbukumbu haijachanganyika.

Ukifika kwenye kubuni, kumbuka Soko Kuu la Kariakoo la Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza wazalendo wa Tanzania, lililofunguliwa mwaka 1975. Alilifunika kwa paa la zege lenye maumbo ya miamvuli, linalotia kivuli, linalopitisha hewa na kukusanya maji ya mvua. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya, lakini wazo lake halikuungua: soko ni watu walio chini ya kivuli, na jengo linaanzia hapo. Karatasi zako tatu za saa tatu, saa sita na saa kumi zinakupa mwanzo wa namna hiyo.

Siku moja kabla ya kuondoka, ombeni ukuta wa ofisi ya kata au kivuli cha mti ule ule mliouchora, mtundike kazi zenu kwa kamba na vibanio vya nguo. Waalikeni mliowachora. Watakuja na watasahihisha: mtaro huu hauishii hapa, duka hili lilihama, hapa mmeacha kisima. Mpeni kila mmoja penseli aandike juu ya nakala. Masahihisho hayo yaingizwe usiku huo huo kwenye michoro yenu, kwa pembetatu, na asubuhi kabla ya gari kuondoka mkayahakiki yanayoweza kuhakikiwa kwa macho. Nakala moja kamili ya yote ibaki kwa mtendaji wa kata, ikiwa na jina la chuo na tarehe. Nyingine apewe mwenye baraza aliyewasogezea kigoda.